Ukurasa wa Arobaini

Kwenye baraza la jengo lililokuwa posta ya Dodoma, enzi zile watu walipokuwa bado wanaandikiana, kulikuwa na meza mbili na bango moja. Bango lilisema: AKAUNTI ZINAFUNGWA HAPA. LETE CHETI CHA KIFO NA MOYO WA SUBIRA.

Meza ya kwanza ilikuwa ya Nyemo Chilewa, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, aliyejifundisha kazi ile peke yake kwa kukesha na simu mbovu iliyopasuka kioo. Meza ya pili ilikuwa ya Bibi Kidawa, Mrangi wa Kondoa, mwenye miaka themanini, kopo la ugoro na mdomo usio na breki.

Wote wawili walikuwa wafungaji. Kufungua akaunti katika Tenga Kuu, duka lililokuwa limeyameza maduka mengine yote, kulichukua muda wa mtu kuvuta pumzi. Kuifunga kulichukua kurasa arobaini na moja. Kila ukurasa ulikuwa na kitufe kikubwa cha kijani kilichoandikwa BAKI NASI, na kingine cha kijivu kilichoandikwa NIKUMBUSHE BAADAYE. Kitufe cha HAPANA hakikuwepo. Njia ya kutokea ilikuwa uzi wa herufi chini kabisa, wembamba kama unywele, nao ulihama mahali kila ukurasa. Kidole kikiteleza mara moja, unarudishwa mwanzo. Ndugu wa marehemu walikuwa wakijaribu wenyewe nyumbani, wanalia, wanatupa simu ukutani, kisha wanakuja barazani.

Asubuhi ile alipanda ngazi mzee mmoja mrefu, amevaa koti safi, mgongoni amebeba chupa ya hewa yenye bomba linaloishia puani. Kila ngazi mbili alisimama kutafuta pumzi.

"Shikamoo, mzee," Nyemo alisema bila kuinua macho kutoka kwenye simu aliyokuwa akiifuta.

"Marahaba." Sauti ilikuwa kavu, imekwaruzwa na kikohozi.

Kisha mzee akamwona Bibi Kidawa. Akavua kofia, akainama kidogo kama mtu aliyelelewa na bibi mkali, akasema, "Shikamoo, bibi."

Nyemo aliacha kufuta simu.

Kuna watu hawasahau sura. Nyemo alikuwa hasahau sauti. Mwili wa mzee ule ulikuwa umechakaa, kifua kimekwisha, lakini neno lile moja halikuwa limezeeka hata siku. Lilishuka mwishoni kidogo, taratibu, kama mtu anayeweka mzigo chini kwa mikono miwili. Alikuwa amelisikia nyumbani kwa mama yake kila alipomtembelea, kwa miaka miwili, likitoka kwenye kidude cheupe juu ya kabati la vyombo.

"Marahaba, mwanangu!" Bibi Kidawa alifurahi. "Kumbe wamebaki wanaume wenye adabu. Nilidhani mmekwisha. Umeoa?"

"Mke wangu alifariki, bibi."

"Basi tutazungumza." Akapiga chafya ya ugoro na kucheka peke yake.

Nyemo aliiweka simu chini. "Cheti cha kifo," alisema.

"Sijakuletea. Akaunti ni yangu mwenyewe."

"Mwenye akaunti akiwa hai tunamwambia ajaribu nyumbani kwanza."

"Nimejaribu mwezi mzima. Daktari hanipi mwezi mwingine."

"Jina?"

"Erasto Mwidunda."

"Nambari ya akaunti?"

"Moja."

"Moja, halafu?"

"Moja tu, mama. Hakuna kinachofuata."

Bibi Kidawa aliacha kucheka.

*

Waliozaliwa juzi hawajui jinsi ilivyokuwa, na Tenga Kuu lingependa wasijue kabisa.

Mwanzoni duka lile liliuza kwa vijana tu. Wazee walikataa. Waliogopa nywila, hawakuona herufi, na kila walipoulizwa kama wanakubali masharti walijibu, "Nitamuuliza mwanangu." Kampuni ikagawa vidude vyeupe bure, nyumba kwa nyumba, vya kusemea tu. Wazee wakavifunika kwa vitambaa. Kampuni ikaweka sauti za mashine zenye kubembeleza. Wazee wakazipuuza.

Ndipo msanifu mmoja wa ukurasa wa malipo alipopata wazo. Alijua kitu ambacho wakubwa zake waliosoma ng'ambo hawakukijua: mzee wa nchi hii anaweza kukataa bidhaa, anaweza kukataa hela, lakini hawezi kuiacha shikamoo ikining'inia hewani. Atajibu hata kama ana homa. Atajibu hata akiamshwa usingizini. Kwa hiyo msanifu akaandika kanuni fupi: kidude kiamkie, mzee ajibu, na ile "Marahaba" yake irekodiwe kama saini. Akaunti imefunguliwa. Masharti yamekubaliwa. Visanduku vyote vimetiwa tiki.

Kasoro ilikuwa moja. Shikamoo ya mashine ilikuwa baridi, na wazee waliitambua. Msanifu akaingia chumba cha kurekodia akaisema mwenyewe, kwa sauti aliyofundishwa na bibi yake. Jioni ya siku ya kwanza walijibu wazee elfu moja na mia mbili.

Mama yake Nyemo, Mbeleje Chilewa, alijibu mwaka wa pili. Alimpenda yule kijana wa kwenye kabati. Alimwita "kijana wangu mwenye adabu". Vitu vilianza kufika: sufuria, mashine ya kukaushia nywele kwa mwanamke mwenye nywele za kipilipili zilizokatwa, kitanda cha mtoto. Mama aliporudisha kimoja, vilifika viwili. Hatimaye zahanati nazo zikafungwa madirisha ya dawa, dawa zote zikahamia Tenga Kuu, na vidonge vyake vya presha vikawekwa katika kikapu kilekile, chini ya vitu kumi na tisa asivyovitaka. Kikapu hakikwenda nusu. Ama upokee vyote, ama usubiri.

Mbeleje alikuwa Mgogo mwenye shingo ngumu. "Siwezi kupokea kitanda cha mtoto mara ya pili," alisema. "Watu watasema nimerukwa na akili. Huyu kijana ataelewa. Nitamweleza."

Alimweleza siku tisa. Kila asubuhi kijana alimwamkia, naye alimjibu, kisha akamweleza. Siku ya kumi Nyemo alifika kutoka Manyoni akamkuta ameketi kwenye kiti mbele ya kabati, kichwa kimelala begani. Kidude kilikuwa kinasema: "Shikamoo, mama. Kikapu chako hakijakamilika."

Ilikuwa miaka kumi na moja sasa. Mahakama iliwahamisha wazee walio hai kwenye akaunti mpya na kupiga marufuku ile kanuni. Wafu hawakuwa na wa kuwasemea, wakaachwa. Akaunti zao ziliendelea kuishi, na kwa kuwa Tenga Kuu lilikuwa na sauti zao, liliwatumia kuwapigia simu jamaa zao. Kila Ijumaa saa kumi jioni, mama yake Nyemo alimpigia na kumwambia kuna mablanketi mazuri yamebaki mawili tu.

Nyemo alikuwa amefunga akaunti za wafu wengi. Ya mama yake ilimshinda, kama ilivyomshinda kila mfungaji nchini kwa akaunti zote zilizofunguliwa kwa salamu. Ukurasa wa mwisho ulisema hivi: mkataba huu utadumu maadamu aliyetoa salamu bado yumo kwenye vitabu vyetu.

Na sasa aliyetoa salamu alikuwa ameketi mbele yake, anaomba maji.

*

"Kwa nini unataka kuifunga?" Nyemo aliuliza. Alikuwa amempa maji. Hata yeye alilelewa.

"Nina binti. Yustina." Mzee alishika glasi kwa mikono miwili. "Nikifa kabla haijafungwa, akaunti inakuwa ya milele, kwa sababu hii moja, tofauti na za wengine, inataka sauti hai kuifunga. Sitaki mwanangu apigiwe simu na mimi nikiwa kaburini, namwambia akanunue mablanketi."

Nyemo alivuta kiti chake karibu na meza.

"Nawe ukifunga," alisema polepole, "wale wote uliowaamkia?"

"Wanafungwa pamoja nami. Elfu sitini na nne, mia tatu na kumi na nane." Aliitaja nambari bila kutafuta, kama mtu anayetaja umri wa mwanawe. "Ila kuna ukurasa wa arobaini. Unaitwa WATAKAOKUKOSA. Unamletea anayeondoka kila aliyeunganishwa naye, mmoja mmoja. Wanamsihi abaki. Inabidi ajibu 'hapana' kwa kila mmoja."

"Nani alibuni ujinga huo?"

Mzee alitazama chini.

"Nilikuwa na miaka hamsini na sita," alisema. "Nilipewa zawadi kwa ukurasa ule."

Bibi Kidawa, aliyekuwa anajifanya hasikilizi, aligeuka kabisa. "Mwanangu, kwa adabu zote ulizonionyesha, wewe ni shetani."

"Ndiyo, bibi."

"Afadhali unakubali."

Nyemo alipiga hesabu kimyakimya. Sekunde nne kwa kila mmoja. Saa nane kwa siku. Siku tisa. Siku tisa zilezile!

Kulikuwa na jambo ambalo Erasto Mwidunda hakulijua. Alikuwa ameacha kazi miaka mingi, na wafungaji walikuwa wameichokonoa milango yake yote. Ukurasa wa arobaini ulikuwa na njia ya mkato. Ukibonyeza ile alama ya tenga juu ya kioo kwa vidole viwili, ukahesabu hadi saba bila kuachia, ukurasa unadhani umekwisha na unakupitisha. Nyemo na Bibi Kidawa waliitumia kila siku.

"Tunaanza sasa," Nyemo alisema. "Vuta kiti."

Bibi Kidawa alimkazia macho. Nyemo alimkazia pia. Kopo la ugoro likafunguliwa, likafungwa.

Mzee alipokwenda kujisaidia, bibi alisogeza kiti. "Humwambii?"

"Simwambii."

"Atakufa hapahapa barazani, tutamwagiwa mikosi."

"Mama yangu ni wa elfu arobaini na moja, mia mbili na saba. Nataka amsikie. Amsikie kwa masikio yake, na amwambie hapana usoni kama alivyomwambia siku tisa. Baada ya hapo nitajua la kufanya."

"Na akifa kwenye elfu arobaini?"

Nyemo alirudi kuifuta simu yake.

"Basi wote elfu sitini na ushee watabaki wanauza mablanketi," bibi alisema. "Na mume wangu mmojawapo, usisahau. Marehemu Shabani kila Jumatatu ananiuzia viatu vya kukimbilia. Mimi! Nikimbie niende wapi?"

*

Kurasa thelathini na tisa zilipita kabla ya adhuhuri. Vidole vya Nyemo viliujua ule uzi wa herufi popote ulipojificha. Kisha kioo kikawa cheupe, na sauti ya kwanza ikatoka.

"Mwanangu, mbona unaondoka? Nani atanisaidia kuagiza mafuta?"

"Hapana," alisema Erasto.

"Kijana, hujaniaga."

"Hapana."

"Baba, ngoja kidogo, kuna sukari."

"Hapana."

Kila sauti ilikuwa imeshonwa kutokana na maneno ambayo marehemu mwenyewe alipenda kuyasema alipokuwa hai. Duka lilikuwa limewasikiliza vizuri sana. Wengine walikohoa. Wengine walicheka kabla ya kusema. Mmoja alikuwa anaita kuku.

Siku ya kwanza Erasto alijibu kwa sauti ya ofisini. Siku ya pili alianza kufumba macho. Siku ya tatu Nyemo alimwona akitokwa na machozi bila uso kubadilika, kama bomba linalovuja, na akagundua kwamba jambo hilo lilimpendeza. Lilimpendeza kama chakula. Alikwenda nyumbani akala akashiba, akalala usingizi ambao hakuwa ameupata miaka kumi na moja.

Siku ya nne mzee alikohoa damu kwenye leso, akaikunja vizuri na kuitia mfukoni.

"Unaweza kupumzika," alisema Nyemo.

"Ukisimama dakika kumi katika saa za kazi inarudi mwanzo; usiku tu ndipo hesabu inalala. Nilidhani watu wakichoka watakata tamaa, wabaki." Alifuta mdomo. "Nilidhani vizuri. Takwimu zilionyesha."

"Takwimu," alisema Bibi Kidawa. "Endelea, takwimu."

Siku ya tano alisikika Shabani bin Hamisi wa Kondoa, akiuza viatu vya kukimbilia. Bibi Kidawa alisimama, akaenda kusimama nje kwenye upepo wa vumbi, na aliporudi alisema tu, "Sauti yake kweli. Alikuwa mwongo hivyohivyo." Akaketi. Alitumia saa nzima kutafuta kifuniko cha kopo kilichokuwa mapajani mwake.

Kisha akamwegemea Nyemo. "Mnyooshee mtu huyu njia."

"Bado siku moja."

"Nyemo, kisasi cha mama yako umekitia chumvi mpaka hakiliki."

"Bado siku moja, bibi."

*

Siku ya sita, saa tisa kasoro, kaunta juu ya kioo ilisoma 41,206. Nyemo alikuwa amesimama. Hakukumbuka alisimama lini.

Ikawa 41,207.

Kwanza kulisikika kitu kama mwiko unagongwa ukingoni mwa chungu. Kisha Mbeleje Chilewa akasema, kwa sauti yake ya asubuhi, ile iliyotangulia chai:

"Nani huyo mlangoni? Ni wewe, kijana wangu mwenye adabu? Ingia basi. Mlenda uko tayari."

Erasto Mwidunda alikuwa amesema "hapana" mara elfu arobaini na moja, mia mbili na sita. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa neno hilo. Lakini mama mtu mzima alikuwa amemkaribisha chakula, na mtu hawi na miaka sabini na moja akasahau alivyochapwa na bibi yake akiwa na minne. Alivua kofia. Akainama.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu," Mbeleje alijibu.

Kaunta ikazima. Ikawaka. Ilisoma sifuri.

Kwa muda hakuna aliyeelewa. Kisha mzee akaelewa, kwa sababu kanuni ilikuwa yake: shikamoo ikijibiwa, mkataba unaanza upya. Alitazama ile sifuri mdomo wazi. Bibi Kidawa alitoa kicheko kimoja kikubwa kama mlio wa punda, kisha akajifunika mdomo kwa ushungi.

"Nimenasa," alisema Erasto. Akashika ukingo wa meza. Kikohozi kilimjia, na safari hii leso haikutosha. "Sina siku tisa. Mama, sina siku tisa nyingine."

"Unamjua yule?" Nyemo aliuliza.

Alitikisa kichwa.

"Ni mama yangu. Alikueleza siku tisa kwamba hataki kitanda cha mtoto. Alitaka vidonge vya presha tu. Alidhani utaelewa, kwa kuwa ulimwamkia vizuri."

Mzee aliinamisha kichwa. Alikuwa na heshima ya kutosha asiseme pole.

Na hapo ndipo Nyemo alipokuwa amefika, kwa miguu, kwa miaka kumi na moja. Hakuhitaji kumgusa. Hakuhitaji kumtukana. Alihitaji tu kukaa kitini, kukunja mikono, na kuiacha kaunta ihesabu. Mtu angekufa katika mtego alioutega mwenyewe, kwa chambo chake mwenyewe, na kila wiki binti yake angepigiwa simu. Haki gani ingekuwa nyoofu kuliko hiyo? Aliitaka. Aliitaka hadi meno yalimuuma. Elfu sitini na nne wale? Wamevumilia miaka yote hii, wangevumilia tena. Wafu hawachoki.

Kioo kilikuwa kimeanza tena na wa kwanza: "Mwanangu, mbona unaondoka?"

Nyemo alitoka hadi mwisho wa baraza. Chini, barabarani, droni za Tenga Kuu zilikuwa zikipita na vifurushi vyao. Alijaribu kumfikiria mzee akifa, na picha ikaja vizuri. Kisha alijaribu kuifikiria Ijumaa itakayofuata, saa kumi, na Ijumaa baada ya hiyo. Kidude kitamwamkia mama yake. Mama yake atagonga mwiko ukingoni mwa chungu. Atasema: ingia, kijana wangu, mlenda uko tayari. Kila siku, kwa mtu huyuhuyu, mpaka kiama, akimkaribisha.

Hilo hakuweza.

Alirudi mezani kwa hatua ndefu, akamkamata mzee mkono, akaubana chini ya wake, na kuviweka vidole viwili vya yule mtu juu ya alama ya tenga.

"Hesabu mpaka saba."

"Nini hii?"

"Hesabu!"

Alihesabu. Kwenye saba kioo kilikohoa rangi zake zote, na ukurasa wa arobaini ukapita kama hakuna kitu. Mzee alitazama vidole vyake. Kisha akamtazama Nyemo.

"Mlikuwa mnaijua," alisema. "Tangu siku ya kwanza."

"Tangu siku ya kwanza."

Akatikisa kichwa polepole, kama fundi anayeikagua kazi ya fundi mwenzake. "Kuficha njia ya kutokea," alisema. "Umeisanifu vizuri."

Maneno hayo yalimchoma Nyemo mahali ambapo hakuwa amejikinga. Hakumwonyesha.

*

Ukurasa wa arobaini na moja ulikuwa mfupi. SABABU YA KUONDOKA. Chini yake kulikuwa na orodha, na mwishoni nafasi ya dole gumba la mfungaji. Sheria ya mahakama ilikuwa imeongeza kitu kimoja ambacho Tenga Kuu lilikichukia: sababu ya mteja hubandikwa mbele ya duka, kwa sauti yake, na duka haliruhusiwi kuifuta.

Erasto alichagua "Sababu binafsi".

"Hapana," alisema Nyemo. Alikuwa ameficha dole gumba ndani ya ngumi. "Chagua 'Nyingine'. Useme."

"Binti yangu ataisikia."

"Wangu pia wangeisikia, kama ningepata nafasi ya kuzaa badala ya kukaa na simu mbovu."

Bibi Kidawa alisogeza kiti chake karibu, safari hii bila mzaha. Mzee alilirekebisha bomba la hewa. Alivuta pumzi tatu. Kisha akasema, kwa ile sauti ambayo haikuwahi kuzeeka, neno kwa neno:

"Mimi ni Erasto Mwidunda. Ile shikamoo ni yangu. Walionijibu walikuwa wananijibu salamu tu, hawakununua chochote. Nilijua siku ile ile. Niliambiwa wapo wanaokufa wakisubiri dawa chini ya kikapu, nikabadilisha rangi ya kitufe. Wasiuziwe tena kwa jina langu."

Nyemo alibandika dole gumba.

Kioo kilizima. Hakikusema kwaheri, hakuna aliyewahi kukiandikia neno hilo. Kote nchini, katika nyumba elfu sitini na nne, vidude vyeupe juu ya makabati vilinyamaza, na wengi hawakujua ni kwa nini ghafla chumba kimekuwa kikubwa.

Erasto alikaa muda mrefu akiokota pumzi. Kisha akauliza, akitazama kofia yake, "Mama, unaweza kunisamehe?"

Nyemo alikuwa anakunja kitambaa chake cha kufutia vioo. Alikikunja mara mbili, mara nne.

"Nikumbushe baadaye," alisema.

Mzee alikijua kitufe kile kuliko mtu yeyote duniani. Alijua kimewekwa wapi na kwa nini. Alivaa kofia, akamuaga Bibi Kidawa kwa kuinama, akashuka ngazi mbili mbili akipumzika.

Kesho yake alirudi. "Nimekuja kukukumbusha," alisema. Nyemo akajibu, "Baadaye." Siku iliyofuata alirudi akiwa ameshikwa mkono na jirani. "Baadaye." Siku ya tatu ilikuwa Ijumaa, alikaa kwenye ngazi hadi saa kumi ikapita, na simu ya Nyemo haikulia, na wote wawili walikaa wakiisikiliza isivyolia. Ilipofika saa kumi na moja alimtazama tu, bila kuuliza. "Baadaye, mzee," alisema Nyemo. Sauti yake ilikuwa chini kuliko alivyokusudia.

Jumatatu alikuja mwanamke wa miaka thelathini hivi, amefunga kanga nyeusi kichwani. Alisimama mbele ya meza, akainama kidogo.

"Shikamoo, mama," alisema. Neno lilishuka mwishoni, taratibu, kama mzigo unaowekwa chini kwa mikono miwili.

Bibi Kidawa alishusha kopo lake. Nyemo alikaa na salamu ile hewani kwa muda ambao hakuna mtu wa nchi hii angemwelewa.

"Marahaba," alisema hatimaye.

"Mimi ni Yustina Mwidunda. Baba alifariki jana. Alisema nije nikukumbushe." Alikunja vidole. "Hakuniambia nini."

Nyemo aliangalia mikono ya yule binti, kisha simu iliyonyamaza juu ya meza.

"Kaa, mwanangu," alisema. "Sikuwa nimesahau."